Hadubini: Chombo kinachomwezesha tabibu kuona kabla ya kutibu

HADUBINI ni chombo kinachokuza taswira ya vitu vidogo mno hadi jicho la binadamu likaweza kuviona. Kwa zaidi ya miaka 300 kimewahudumia wanasayansi wanaochunguza viumbe, na tangu mwishoni mwa karne ya 19 kimekuwa shahidi mkuu wa madaktari wanaotafuta chanzo cha maradhi.

Nchini Kenya, chombo hiki kingali kazini kila siku. Tone la damu ya mtoto mwenye homa hupakwa juu ya kioo, likatiwa rangi, kisha mtaalamu wa maabara akalitazama. Jibu lake ndilo linaloamua iwapo mtoto huyo atapewa dawa ya malaria, au iwapo daktari atatafuta chanzo kingine kama vile nimonia au homa ya uti wa mgongo. Kukosea hapa kunaweza kugharimu uhai.

Ndiyo maana inafaa kila msomaji afahamu jinsi hadubini inavyofanya kazi, ilikotoka na mipaka yake. Historia yake inadhihirisha jambo moja: chombo huonyesha, lakini anayetambua ni mtu aliyefunzwa kutazama.

Jina na umbo

Katika mazungumzo ya kila siku, wengi hukiita chombo hiki darubini. Hata hivyo, lugha sanifu hutofautisha vyombo viwili. Darubini hutazama vilivyo mbali, kama vile mwezi na nyota, ilhali hadubini hutazama vilivyo vidogo. Neno darubini lina asili ya Kiajemi na maana yake ni kionacho mbali.

Hadubini ya kawaida ya maabara ina lenzi za aina mbili. Ya kwanza iko juu, karibu na jicho la mtazamaji, na aghalabu hukuza mara 10. Za pili ziko chini, karibu na sampuli, nazo hushikizwa kwenye kitako kinachozungushwa ili kuchagua inayohitajika: ya mara 4, 10, 40 au 100. Ukuzaji kamili hupatikana kwa kuzidisha nambari hizo mbili. Hivyo, lenzi ya juu ya mara 10 ikitumiwa pamoja na ya chini ya mara 100, kitu huonekana kikubwa mara 1,000 kuliko kilivyo.

Sampuli hulazwa juu ya kipande chembamba cha kioo, na mwanga hupita kutoka chini yake kuelekea kwenye lenzi. Maadamu mwanga lazima upenye, sampuli sharti iwe nyembamba mno. Lenzi ya mara 100 inapotumiwa, tone la mafuta maalumu huwekwa kati ya sampuli na lenzi ili mwanga usipinde na kupotea hewani.

Jicho lisilo na msaada huweza kuona kitu chenye upana wa takribani sehemu moja ya kumi ya milimita. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa maikromita 7 hadi 8, na maikromita moja ni sehemu ya 1,000 ya milimita. Bakteria wa kifua kikuu ana urefu wa maikromita 2 hadi 4. Virusi vya korona ni vidogo zaidi: kipenyo chao ni takribani nanomita 100, yaani sehemu moja ya kumi ya maikromita.

Muuza nguo wa Delft

Hadubini za kwanza zilitengenezwa barani Ulaya karibu na mwaka wa 1600, wakati mafundi wa miwani nchini Uholanzi walipogundua kwamba lenzi mbili zikipangwa pamoja hukuza kuliko moja.

Mnamo mwaka wa 1665, mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke alichapisha kitabu chenye michoro ya mambo aliyoyaona kwa chombo hicho, wakiwemo kiroboto na chawa. Alipokata kipande chembamba cha gome linalotengenezewa vizibo vya chupa, aliona vijumba vidogo vilivyopangana kama vyumba vya watawa. Akaviita seli. Neno hilo limedumu hadi leo katika vitabu vya biolojia vya shule zetu.

Lakini aliyefungua mlango wa ulimwengu wa vijidudu hakuwa msomi wa chuo kikuu. Antonie van Leeuwenhoek, aliyezaliwa mwaka wa 1632 katika mji wa Delft, Uholanzi, alikuwa muuza nguo. Wafanyabiashara wa vitambaa walitumia lenzi kukagua nyuzi, naye akaanza kusaga lenzi zake mwenyewe. Hadubini zake zilikuwa na lenzi moja tu ndogo, lakini bora kuliko za wenzake wote. Mojawapo iliyohifadhiwa hadi sasa hukuza zaidi ya mara 250.

Mnamo Oktoba 1676, Leeuwenhoek aliiandikia Jumuiya ya Kifalme ya Sayansi jijini London akieleza viumbe vidogo mno alivyoviona vikiogelea majini. Wasomi walitia shaka. Mnamo Novemba 1677, Hooke aliwaonyesha wanachama wa jumuiya hiyo viumbe hao kwa hadubini, na shaka ikaondoka. Mwaka wa 1683 Mholanzi huyo aliandika kuhusu vijidudu alivyovipata katika ukoga wa meno yake. Hao walikuwa bakteria.

Hata hivyo, karibu miaka 200 ilipita kabla ya ugunduzi huo kumfaa mgonjwa. Vijidudu vilionekana, lakini hakuna aliyethibitisha kwamba ndivyo vilivyowaua watu.

Rangi na lenzi bora

Mambo mawili yalibadilisha hali hiyo katika karne ya 19. La kwanza lilikuwa lenzi bora. Lenzi za awali zilizungusha vitu kwa mistari ya rangi kama upinde wa mvua, na kasoro hiyo ilipunguzwa na mafundi walioungana na wanahisabati. Katika mji wa Jena, Ujerumani, mwanafizikia Ernst Abbe alishirikiana na mtengenezaji wa vyombo Carl Zeiss. Mwaka wa 1873 Abbe alieleza kwamba mwanga wenyewe una kikomo: vitu viwili vilivyokaribiana kwa chini ya takribani maikromita 0.2 huonekana kama kitu kimoja, hata lenzi iwe nzuri namna gani.

Msomaji anaweza kulielewa jambo hili kwa kutazama picha iliyochapishwa gazetini. Ukiikuza mara nyingi, utaona vitone vya wino vikiwa vikubwa, lakini hutaona sura ya mtu kwa undani zaidi. Kukuza ni jambo moja na kutenganisha ni jingine.

La pili lilikuwa rangi. Seli na bakteria wengi hawana rangi, hivyo kuwatafuta ni kama kutafuta kipande cha kioo ndani ya maji. Wanasayansi waligundua kwamba rangi za viwandani zilizotumiwa kupaka vitambaa zilishika sehemu fulani za kiumbe na kuacha nyingine. Mwaka wa 1884, daktari wa Denmark Hans Christian Gram alibuni njia ya kuyagawa makundi mawili makuu ya bakteria kwa rangi. Njia yake ingali inatumiwa kumsaidia daktari kuchagua dawa.

Katika kipindi hicho, maradhi yalianza kufichuliwa moja baada ya jingine. Mnamo Novemba 6, 1880, daktari wa jeshi la Ufaransa Alphonse Laveran aliona vimelea vya malaria katika damu ya askari mjini Constantine, Algeria. Mnamo Machi 24, 1882, Robert Koch alitangaza jijini Berlin kwamba amempata bakteria anayesababisha kifua kikuu. Ni kwa sababu ya tangazo hilo kwamba Siku ya Kifua Kikuu Duniani huadhimishwa kila Machi 24. Mnamo Agosti 20, 1897, daktari Mwingereza Ronald Ross alipasua mbu mjini Secunderabad, India, na kuona vimelea vya malaria katika ukuta wa tumbo lake. Fumbo la jinsi malaria inavyoenea likaanza kufumbuliwa.

Funzo kutoka Ziwa Victoria

Historia ya Afrika Mashariki inatukumbusha kwamba kuona si kuelewa.

Mwanzoni mwa karne ya 20, ugonjwa wa malale uliwaangamiza watu kando ya Ziwa Victoria, hasa katika eneo la Busoga nchini Uganda na katika visiwa vya ziwa hilo. Inakadiriwa kwamba zaidi ya watu 200,000 walifariki. Mwaka wa 1902 wanasayansi kutoka Uingereza walitumwa Entebbe kutafuta chanzo.

Mmoja wao, Mwitaliano Aldo Castellani, aliona bakteria wa aina ya streptokoka katika miili ya waliofariki, na akaamini kwamba ndio chanzo. Baadaye, alipochunguza maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa, aliona kiumbe kingine kirefu chenye mkia kilichokuwa kikijinyonganyonga. Kilikuwa tripanosoma. David Bruce alipowasili mwaka wa 1903 alitilia mkazo ugunduzi huo, na uchunguzi wake ukaonyesha kwamba ugonjwa huenezwa na mbung'o. Bakteria wa awali walikuwepo kweli kwenye kioo. Kosa lilikuwa katika kudhani kwamba kilichoonekana kwanza ndicho kilichoua.

Hata Koch, aliyekuwa bingwa wa fani hii, hakuepuka mtego huo. Alipokuwa Dar es Salaam mwaka wa 1897, aliona vimelea vidogo katika damu ya ng'ombe akavichukulia kuwa wachanga wa vimelea vya ugonjwa mwingine wa kupe uliojulikana Marekani. Ilibainika baadaye kwamba hao walikuwa viumbe tofauti kabisa, wanaosababisha ndigana kali. Ugonjwa huo unaoenezwa na kupe ungali unawatia hasara wafugaji wa Kenya na nchi jirani, na mbinu mojawapo ya kuutambua ni kuchukua majimaji ya tezi iliyovimba ya ng'ombe na kuyatazama kwa hadubini.

Kuhusu malale, juhudi za miaka mingi zimezaa matunda. Mnamo Agosti 2025, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilithibitisha kwamba Kenya imeutokomeza ugonjwa huo kama tatizo la afya ya umma. Kisa cha mwisho cha mtu aliyeambukizwa na kugunduliwa humu nchini kilikuwa cha mwaka wa 2009.

Tone la damu linavyosomwa

Kipimo cha malaria kwa hadubini huanza kwa kumdunga mgonjwa kidoleni. Mtaalamu huandaa sehemu mbili kwenye kioo. Ya kwanza ni tone nene, ambamo chembe nyekundu za damu hupasuliwa na maji ya rangi ili damu nyingi ichunguzwe kwa mara moja. Hii husaidia kujua iwapo vimelea vipo. Ya pili ni damu iliyotandazwa ikawa nyembamba na kukaushwa kwa pombe ya methanoli, ambamo chembe hubaki nzima. Hii husaidia kujua vimelea ni vya aina gani.

Kioo hicho hutiwa rangi ya Giemsa, iliyopewa jina la mwanakemia Mjerumani Gustav Giemsa. Rangi ikishika vizuri, kiini cha kimelea huwa chekundu na mwili wake huwa wa buluu. Kimelea kichanga cha Plasmodium falciparum, aina hatari zaidi, hufanana na pete ndogo yenye kito. Kikikomaa tayari kuchukuliwa na mbu, hupinda kama ndizi.

Kabla ya kutangaza kwamba hakuna vimelea, mtaalamu hutakiwa kukagua angalau nyuga 100 za tone nene kwa lenzi ya mafuta. Kazi hiyo huhitaji dakika kadhaa za utulivu. Akiviona, huvihesabu akivilinganisha na chembe nyeupe za damu. Kwa mfano, akipata vimelea 100 katika chembe nyeupe 200, na ikichukuliwa kwamba kila maikrolita moja ya damu ina chembe nyeupe 8,000, basi mgonjwa ana vimelea 4,000 kwa kila maikrolita. Hesabu ikirudiwa baada ya siku mbili au tatu, daktari hujua iwapo dawa inafanya kazi.

Hapa ndipo ubora wa jicho na wa maandalizi unapodhihirika. Rangi iliyokaa muda mrefu bila kuchujwa huacha chembechembe ambazo mtu asiye na uzoefu anaweza kuzidhania vimelea. Kioo kichafu, lenzi yenye ukungu, au msururu mrefu wa wagonjwa unaomlazimu mtaalamu kuharakisha, yote hayo huweza kuzaa jibu lisilo sahihi.

Kwa miaka mingi, watoto wenye homa katika maeneo yenye malaria nyingi barani Afrika walipewa dawa bila kupimwa. Dawa zilipokuwa rahisi na maabara zikawa chache, utaratibu huo ulionekana wa busara. Hata hivyo, ulikuwa na gharama mbili. Mtoto aliyeugua nimonia alirudishwa nyumbani na dawa isiyomfaa, na dawa zenyewe zilitumiwa ovyo huku vimelea vikijenga ukinzani. Mwaka wa 2010 WHO ilipendekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, kwa hadubini au kwa kipimo cha haraka, kabla ya kupewa dawa.

Vipimo vya haraka vimeleta nafuu kubwa kwa zahanati zisizo na maabara, kwa kuwa havihitaji umeme wala mafunzo marefu. Lakini navyo vina mipaka. Vingi hutafuta protini ya kimelea, na protini hiyo huweza kubaki katika damu kwa majuma kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Isitoshe, katika baadhi ya maeneo ya Upembe wa Afrika, ikiwemo Eritrea, vimeonekana vimelea ambavyo havitengenezi tena protini hiyo na hivyo kukwepa kipimo. Katika hali kama hizo, hadubini hubaki kuwa msaada usiopuuzwa.

Makohozi na kifua kikuu

Bakteria wa kifua kikuu ana ngozi yenye nta inayozuia rangi nyingi. Madaktari Wajerumani Franz Ziehl na Friedrich Neelsen walibuni njia ya kumtia rangi nyekundu kwa joto, kisha kuosha kioo kwa asidi. Vingine vyote hupoteza wekundu huo na hutiwa buluu, lakini bakteria huyo hubaki mwekundu.

Njia hiyo imetumika kwa zaidi ya miaka 100 kwa sababu ni rahisi na ya bei nafuu. Udhaifu wake ni kwamba sharti pawe na bakteria wapatao 5,000 hadi 10,000 katika kila mililita ya makohozi ndipo waonekane. Watoto, pamoja na watu wengi wanaoishi na virusi vya HIV, huwa na bakteria wachache katika makohozi yao. Kioo huweza kuonekana safi ilhali mgonjwa anaendelea kudhoofika.

Kwa sababu hiyo, mwishoni mwa mwaka wa 2010 WHO iliidhinisha mashine ya GeneXpert, inayotafuta chembe za urithi za bakteria na kutoa jibu kwa takribani saa mbili. Pia huonyesha iwapo bakteria wana ukinzani dhidi ya dawa ya rifampisini. Hata hivyo, mashine hiyo haitofautishi vyema bakteria aliye hai na aliyekufa. Mgonjwa anapoendelea na matibabu, hadubini bado hutumika kufuatilia iwapo makohozi yake yanasafika.

Uvimbe wa Mulago

Hadubini pia ndiyo huamua iwapo uvimbe ni saratani. Kipande kidogo cha nyama hukatwa kutoka kwa mgonjwa, kikahifadhiwa kwa dawa, kikagandishwa ndani ya nta na kukatwa vipande vyenye unene wa maikromita chache tu. Baada ya kutiwa rangi, mtaalamu wa patholojia hutazama umbo na mpangilio wa seli. Vivyo hivyo, seli zinazokwanguliwa kwenye mlango wa kizazi huweza kuonyesha dalili za saratani kabla mwanamke hajahisi lolote. Mbinu hiyo iliendelezwa na daktari mzaliwa wa Ugiriki, George Papanicolaou, aliyefanya kazi Marekani.

Kisa kimoja kutoka eneo letu kilibadilisha fahamu za ulimwengu kuhusu saratani. Mwaka wa 1957, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliwaona watoto wenye uvimbe wa taya katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Alisafiri sehemu nyingi za Afrika akagundua kwamba ugonjwa huo hutokea zaidi katika maeneo ya joto yenye mvua nyingi, yaleyale yenye malaria. Alipotoa mhadhara jijini London mwaka wa 1961, alisikilizwa na mtafiti Anthony Epstein, aliyeshuku kwamba huenda kuna virusi vinavyohusika.

Vipande vya uvimbe vilianza kusafirishwa kwa ndege kutoka Uganda. Kwa muda mrefu Epstein hakupata kitu. Kisha ndege moja ikacheleweshwa na ukungu, na sampuli ikafika jioni ikiwa ndani ya majimaji yaliyotibuka, mithili ya kitu kilichooza. Badala ya kuyatupa, Epstein aliyatazama kwa hadubini. Alichokiona ni seli za uvimbe zilizo hai zikielea. Mwaka wa 1964, yeye na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong waliripoti kwamba seli zilizooteshwa katika maabara zilikuwa na virusi vilivyoonekana kwa hadubini ya elektroni. Virusi hivyo huitwa Epstein-Barr, na vilikuwa vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Kupita kikomo cha mwanga

Hadubini ya elektroni, iliyomwezesha Epstein kuona virusi, ilibuniwa jijini Berlin na Ernst Ruska na Max Knoll mwaka wa 1931. Badala ya mwanga, hutumia mkondo wa elektroni unaoelekezwa kwa sumaku. Elektroni hizo zina mawimbi mafupi kuliko ya mwanga, ndiyo maana chombo hicho huvuka kikomo alichokieleza Abbe. Ruska alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1986.

Kwa chombo cha aina hiyo, mtaalamu June Almeida, aliyefanya kazi jijini London, alipiga picha za virusi vya korona vya binadamu katikati ya miaka ya 1960, zaidi ya miaka 50 kabla ya janga la Covid-19. Vijimiba vilivyovizunguka virusi hivyo mithili ya taji ndivyo vilivyovipa jina.

Wanasayansi hawakuishia hapo. Mwaka wa 2014, Tuzo ya Nobel ya kemia ilitolewa kwa Eric Betzig, Stefan Hell na William Moerner kwa kubuni njia za kuvuka kikomo cha mwanga kwa kutumia molekuli zinazong'aa. Mwaka wa 2017 ilitolewa kwa Jacques Dubochet, Joachim Frank na Richard Henderson, waliowezesha molekuli za uhai kugandishwa ghafla na kupigwa picha kwa elektroni. Picha za namna hiyo zilisaidia kuonyesha umbo la protini ya virusi vya Covid-19 wakati chanjo zilipokuwa zikitayarishwa.

Nje ya tiba, wataalamu wa jiolojia hutazama miamba iliyosagwa ikawa nyembamba kupenya mwanga. Wahandisi huchunguza nyufa za vyuma, nao wapelelezi hulinganisha nyuzi za nguo na alama za risasi.

Kwa upande wa elimu, Manu Prakash na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza mwaka wa 2014 hadubini inayokunjwa kwa karatasi, ambayo vifaa vyake hugharimu chini ya dola moja. Haiwezi kuchukua nafasi ya maabara ya hospitali, lakini humwezesha mwanafunzi asiye na maabara kujionea seli za kitunguu. Watafiti pia wanaunda programu za kompyuta zinazofunzwa kutambua vimelea katika picha. Nazo hutegemea kioo kilichoandaliwa ipasavyo, kwani programu haiwezi kurekebisha damu iliyotandazwa vibaya.

Mambo ya kuzingatia

Kwa mgonjwa, kuna mambo machache yanayosaidia hadubini itoe jibu la kuaminika. Omba kupimwa kabla ya kununua dawa ya malaria. Ukiwa tayari umemeza dawa, mwambie mtaalamu, kwa kuwa dawa hupunguza vimelea na huenda visionekane. Makohozi ya kupima kifua kikuu yatoke kifuani kwa kukohoa kwa nguvu, hasa asubuhi; mate hayatoshi. Omba matokeo yaandikwe ili daktari mwingine aweze kuyasoma.

Endapo jibu linaonyesha kwamba hakuna ugonjwa lakini homa au kikohozi kinaendelea, rudi hospitalini upimwe tena. Mtoto aliyezirai, anayetukutika kwa degedege au kupumua kwa shida apelekwe hospitalini mara moja pasipo kusubiri. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo kitamuumbua.

Kwa shule na zahanati, chombo hiki kinahitaji matunzo ya kawaida tu. Mafuta yafutwe kwenye lenzi kwa karatasi maalumu baada ya kazi, na hadubini ifunikwe isiingie vumbi. Katika maeneo yenye unyevu kama vile Pwani, ihifadhiwe pakavu, kwa sababu kuvu huota juu ya lenzi na kuiharibu. Hadubini inayotunzwa huweza kutumika kwa miongo kadhaa, mradi apatikane mtu aliyefunzwa kuitumia, na apewe muda wa kutosha kwa kila kioo.